Mpaka, Masale na Bikoni: Lugha ya Alama za Mipaka, kutoka Misalaba ya Mawe hadi Mashamba ya Sindeni

1.0 Utangulizi

Katika sehemu nyingi za Ulaya, msafiri apitaye mashambani hukutana na misalaba ya mawe iliyosimikwa katika karne za kati. Mingine imesimama kando ya njia, mingine kwenye njia panda, na mingine katikati ya malisho ambako leo hakuna njia wala nyumba. Wanahistoria na wanaakiolojia wameipima, wameichora na kuigawa katika aina zake. Makala hii inaitazama kwa jicho la isimu, na swali lake ni moja: jiwe lisilo na kinywa huwezaje kusema kwamba hapa ndipo inapoishia ardhi ya huyu na kuanzia ya yule?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba alama ya mpaka haisemi lolote peke yake. Husemeshwa na watu wanaokubaliana kuitaja hivyo, na namna wanavyoitaja huonyesha ni nani mwenye mamlaka ya kuisemea. Ili kulithibitisha dai hilo tutaanza na misalaba yenyewe, kisha tuje pwani na bara ya Afrika Mashariki, na hatimaye tuuchunguze msamiati wa mpaka katika Kiswahili. Mfano wetu wa mwisho ni Sindeni, kata ya Wilaya ya Handeni iliyo upande wa kuelekea Korogwe, katika nchi ya Wazigua. Huko hakuna misalaba ya mawe ya karne za kati. Hata hivyo, kazi iliyofanywa na misalaba ile hufanywa huko pia, na suala la nani aisemee alama ni hai kuliko lilivyo leo katika Ulaya.

2.0 Misalaba ya Mawe na Kazi Zake

Ni rahisi kudhani kwamba msalaba uliosimikwa njiani ulikuwa na kazi ya ibada tu. Kwa hakika kazi zake zilikuwa kadhaa, na mara nyingi zilichanganyika katika jiwe moja. Msalaba ulimwelekeza msafiri katika nyika isiyo na barabara, ulimkumbusha kusali, ulionyesha ukomo wa ardhi ya monasteri au ya bwana fulani, na pengine ulikumbusha tukio lililotokea mahali hapo.

Mfano mzuri ni msalaba wa Siward ulioko Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza. Msalaba huo umetajwa katika kumbukumbu ya mwaka 1240, wakati mpaka wa msitu wa kifalme wa Dartmoor ulipokaguliwa kwa amri ya Mfalme Henry III. Ukaguzi huo haukufanywa mezani. Mashujaa kumi na wawili wa eneo hilo waliuzunguka mpaka, wakataja alama moja baada ya nyingine, na matamko yao yakaandikwa. Msalaba ulikuwa mojawapo ya alama hizo. Kwa maneno mengine, jiwe lilipata uzito wa kisheria kwa sababu watu waliojulikana walifika penye jiwe hilo na kulitaja.

Mfano wa pili unatoka Ujerumani na nchi ya Bohemia. Huko iko misalaba ya mawe iitwayo misalaba ya upatanisho. Mtu aliyemuua mwenziwe aliweza kufanya mapatano na jamaa za marehemu: alilipa fidia, aligharimia ibada za kumwombea marehemu, na mara nyingi alitakiwa kusimika msalaba wa jiwe. Desturi hiyo ilififia baada ya mwaka 1532, ilipotangazwa sheria ya jinai ya Mfalme Karl V, ambayo iliyaweka mauaji mikononi mwa dola badala ya mikono ya koo mbili. Tulizingatie badiliko hilo, kwani tutakutana na linalofanana nalo tutakaporejea Handeni: alama iliyokuwa tunda la makubaliano ya pande mbili inapoteza nguvu pale mamlaka ya tatu inapochukua haki ya kuamua.

Mfano wa tatu ni wa maandishi. Katika Uingereza ya kabla ya mwaka 1066, hati za kugawa ardhi ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ya kanisa na ya wasomi. Lakini katika nyingi ya hati hizo, sehemu inayoeleza mipaka iliandikwa kwa Kiingereza cha Kale. Sababu yake si vigumu kuiona. Utukufu wa mfalme uliweza kutajwa kwa lugha ya mbali, bali mpaka ulipaswa kutajwa kwa lugha ya wale ambao wangeufuata kwa miguu. Maelezo hayo hujengwa kwa mwendo: kwanza kutoka kivukoni, kisha kufuata kijito, halafu mpaka kwenye mti fulani, na kurudi mahali pa kuanzia.

3.0 Pwani na Bara ya Afrika Mashariki

3.1 Nguzo ya Malindi

Msalaba wa mawe wa karne za kati ulio karibu nasi zaidi uko Malindi. Vasco da Gama aliwasili huko mwezi Aprili 1498, na msalaba wa mawe ya chokaa yaliyoletwa kutoka Ureno, wenye nembo ya mfalme wa nchi hiyo, ni kumbukumbu ya safari zake. Nguzo za aina hiyo zilianza kusimikwa katika pwani za Afrika na Diogo Cão, aliyeweka ya kwanza kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482.

Nguzo ya Malindi ina sura ya misalaba ya Ulaya lakini haina mazungumzo yake. Wareno waliisimika ili isomwe na Wareno wenzao na washindani wao wa Ulaya, yaani itangaze kwamba walifika na kwamba wana dai. Watu wa Malindi hawakuwa wasomaji waliokusudiwa. Hivyo basi, jiwe lilelile ambalo Dartmoor lilikuwa ushahidi wa wenyeji, Malindi lilikuwa tamko la mgeni.

3.2 Msalabani

Tukielekea bara ya Tanga tunakutana na msalaba wa namna nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walijenga kituo chao Magila, katika nchi ya Wabondei, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Muheza. Mahali hapo pakaitwa Msalabani. Neno msalaba lina asili ya Kiarabu. Mzizi wake ndio uliotupa pia kitenzi sulubu. Limepewa kiambishi cha ngeli ya M-/MI-, na kwa kuongezewa -ni limegeuka kuwa jina la mahali. Hapa alama imeingia katika lugha ya watu wa eneo hilo. Hata msalaba wenyewe ungeondolewa, jina lingeendelea kumwelekeza msafiri. Jambo hili linatuonyesha kwamba alama inayodumu kuliko jiwe ni neno.

3.3 Masale

Mlinganisho wa karibu zaidi na misalaba ya mawe si jiwe, bali ni mmea. Katika Kilimanjaro na milima ya Upare, mimea ya jamii ya Dracaena hupandwa kwenye mipaka ya viunga na mashamba. Wachaga huiita masale, umoja wake isale. Mtafiti Michael Sheridan, katika makala yake ya mwaka 2008, ameonyesha jinsi mimea hii ilivyotumika katika kuzungushia maeneo ya matambiko na ya makazi katika sehemu hizo za Tanzania.

Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba miongoni mwa Wachaga mmea huohuo ni ishara ya kuomba msamaha. Aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani la isale, na ni vigumu kwa aliyekosewa kulikataa. Mmea unaotenganisha mashamba ndio unaounganisha mioyo. Tumekwisha kuona kwamba huko Ujerumani na Bohemia msalaba wa jiwe, uliotumika kwingineko kuonyesha mipaka, ulikuwa pia muhuri wa mapatano baada ya mauaji. Watu wa nchi zilizo mbalimbali kiasi hicho hawakuigana. Linaloelekea zaidi ni kwamba mpaka na mapatano ni mambo ya jinsi moja: yote mawili huhitaji pande mbili.

4.0 Msamiati wa Mpaka katika Kiswahili

4.1 Pakana

Dai hilo limo ndani ya sarufi ya Kiswahili chenyewe. Hebu tuangalie sentensi zifuatazo (alama ya kinyota inaonyesha tungo isiyokubalika):

(1) Shamba la Juma linapakana na shamba la Asha.
(2) Shamba la Juma na la Asha yanapakana.
(3) *Shamba la Juma linapakana.

Kitenzi pakana kina kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Huenda msomaji akapinga kwamba kiambishi hicho kimeganda, kwa kuwa paka peke yake, kwa maana ya kufanya mpaka, haitumiki. Paka tuliyo nayo ni ile ya kupaka rangi au mafuta. Pingamizi hilo lina ukweli kwa upande wa maumbo. Kwa upande wa sintaksia, hata hivyo, -an- bado iko kazini. Sentensi (3) inasikika kuwa haijakamilika kwa sababu haina mshiriki wa pili. Ndivyo ilivyo pia kwa kutana na fanana, ambavyo navyo hudai pande mbili. Kwa hiyo, mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kutaja hali ya kuwa na mpaka kwa kitenzi hiki bila kumtaja jirani. Sarufi inamlazimisha kuwa na ujirani.

4.2 Mpaka, hadi na hata

Jambo la pili linahusu vihusishi. Nomino mpaka hutumika pia kama kihusishi: tembea mpaka mbuyuni, ngoja mpaka kesho. Neno hadi nalo linatokana na Kiarabu, ambamo maana yake ya msingi ni ukomo au mpaka. La tatu, hata, ambalo katika maandishi ya zamani lilitumika sana kwa maana ya hadi, lilikuwa tayari kihusishi katika Kiarabu. Kwa maneno mpaka na hadi, lugha imepita njia ileile mara mbili: jina la mahali pa kukomea limekuwa neno la kueleza mwendo, na kutoka mwendo wa mahali likahamia mwendo wa wakati.

Mabadiliko hayo yanaakisi namna mipaka inavyoelezwa vijijini. Mkulima aulizwapo mpaka wa shamba lake, kwa kawaida hataji urefu wala nyuzi. Hueleza safari: unatoka kwenye mkwaju, unafuata korongo mpaka kwenye kichuguu, unapinda kushoto, unapanda hadi mawe yale. Muundo huu wa kutoka na mpaka ni ule ule wa hati za Kiingereza cha Kale zilizotajwa katika sehemu ya 2.0. Pande zote mbili mpaka si mstari uliochorwa bali ni njia iliyopitwa na kusimuliwa. Desturi ya zamani ya baadhi ya miji ya Waswahili ya zinguo la mji, ambapo ng'ombe huzungushwa mji kabla ya kuchinjwa, nayo imo katika fikra hiyo: ukomo wa mji hujulikana kwa kuzungukwa.

4.3 Bikoni

Neno la tatu ni geni kwa asili. Bikoni limetoholewa kutoka Kiingereza, likaongezewa irabu mwishoni ili lifuate silabi za Kiswahili, na kuingia katika ngeli ya N-. Sambamba nalo hutumika jiwe la mpaka na kigingi. Tuangalie vitenzi vinavyoambatana nalo:

(4) Shamba limepigwa bikoni.
(5) Kijiji kimewekewa bikoni.

Sentensi zote mbili zimo katika kauli ya kutendwa. Katika (5), kiambishi -e- cha kutendea kinaonyesha kuwa tendo linamhusu mwenye kijiji, na -w- inamwondoa mtendaji katika nafasi ya kiima. Mwenye ardhi ndiye kiima, lakini si mtendaji. Tukizilinganisha (4) na (5) na pakana, tunaona historia ya mamlaka juu ya ardhi ikiwa imefupishwa katika viambishi viwili: -an- ya majirani na -w- ya mpimaji.

5.0 Sindeni na Uzigua

Katika uainishaji wa Guthrie, Kizigua kimewekewa namba G31. Ramani ya nchi yake imejaa majina yanayoanza na kwa- na kwe-: Kwamatuku, Kwaluguru, Kwachaga, Kwamkono, Kwediboma, Kwedizinga. Katika mawili ya mwisho tunaona pia -di-, umbo linaloafiki ngeli ya 5. Majina ya kwa- kwa kawaida humtaja mtu au watu. Yale ya kwe- huelekea kutaja kitu kinachoonekana. Aidha, yapo yaliyoundwa kwa -ni ya Kiswahili, kama Vibaoni katika mji wa Handeni, ambalo kwa umbo lake linaelekeza kwenye vibao. Mfumo huu wa majina unafanya kazi iliyofanywa na misalaba ya njiani: unamwambia apitaye yuko wapi na, mara nyingi, amefika kwa nani.

Zaidi ya majina iko misitu ya jadi. Utafiti wa Mwihomeke na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu Upare Kaskazini na Handeni, pamoja na kazi za baadaye za Jussi Ylhäisi, umeonyesha kuwa Wazigua walihifadhi misitu midogomidogo kwa ajili ya maziko na matambiko. Kingo za misitu hiyo zilijulikana bila ya uzio, kwa sababu palikuwa na watu waliojulikana kuwa wasimamizi wake. Hata hivyo, tusidhani kwamba nchi ilikaa bila kubadilika. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu historia ya eneo hili kati ya 1840 na 1940, ameeleza jinsi njaa, magonjwa ya mifugo na kuenea kwa mbung'o kulivyoisogeza mipaka baina ya makazi na pori. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu tena, na pamoja nao ilizihamisha simulizi za mipaka kutoka kwenye ardhi zilizokuwa zikizieleza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ilikuja juu ya hali hiyo. Sheria hiyo inatambua, miongoni mwa njia za kuthibitisha ardhi ya kijiji, mipaka iliyokubaliwa baina ya halmashauri ya kijiji na majirani zake, na ndipo Kamishna wa Ardhi hutoa cheti cha ardhi ya kijiji. Kwa lugha ya makala hii, sheria inaitaka -an- itangulie -w-: majirani wakubaliane kwanza, kisha mpimaji aweke bikoni.

Hatari ya kugeuza utaratibu huo ilionekana mwezi Juni 2022. Huko Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, uwekaji wa alama za mipaka kuzunguka eneo la kilomita za mraba 1,500 uliambatana na vurugu ambamo askari polisi mmoja aliuawa na wananchi kadhaa walijeruhiwa. Mwezi huohuo, kaya za kwanza zilizohama kutoka Ngorongoro zilipokewa katika kijiji cha Msomera, Wilaya ya Handeni. Hivyo, wilaya yenye Sindeni imekuwa pia makao ya watu wanaozungumza lugha nyingine na walio na simulizi nyingine za ardhi. Watu hao hawawezi kuurithi mpaka kwa kusimuliwa na babu zao, kwa maana babu zao hawakuupita.

Ni lazima basi tuitendee haki bikoni. Mbuyu huanguka, korongo huhama, na mzee aliyeujua mpaka hufariki. Simulizi nazo huwa na wenyewe: mara nyingi wanawake, wageni na vijana hawakualikwa kuzisimulia, na alama iliyopimwa inaweza kumlinda mjane ambaye shemeji zake wanauhamisha mpaka kwa maneno. Kinachopingwa hapa si kipimo bali ni kipimo kisicho na mazungumzo. Bikoni ambayo majirani hawajaitaja kwa vinywa vyao iko katika hali ya nguzo ya Malindi: inasomeka kwa aliyeiweka tu.

6.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka huo, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Wajibu unaowaangukia wanaisimu na wanaistilahi kutokana na hatua hiyo hauishii katika kutafuta visawe vya maneno ya upimaji. Wajibu mkubwa zaidi ni kuhakikisha kwamba hati ya mpaka ina nafasi ya maelezo ya mwendo, kwa majina ya mahali ambayo watu wa Sindeni, Misima au Msomera wenyewe huyatumia, kando ya tarakimu za mpimaji. Waandishi wa hati za Kiingereza cha Kale waliliona hilo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada watapata hapa kazi ya kutosha: kukusanya majina ya mahali ya Uzigua pamoja na simulizi za mipaka kabla wenye kuzijua hawajatoweka.

Sarufi yetu tayari inayo njia ya kuviunganisha viwili vilivyoonekana kupingana. Kutokana na mzizi uleule wa weka tunapata maumbo haya:

(6) Kijiji kimewekewa mpaka. (wek-e-w-a)
(7) Vijiji vimewekeana mpaka. (wek-e-an-a)

Sentensi zote mbili ni sahihi, na alama itakayosimikwa inaweza kuwa jiwe lilelile. Tofauti iliyopo ni ya kiambishi kimoja, na kiambishi hicho ndicho kinachoamua iwapo jiwe litalindwa na watu wa pande zote mbili au litang'olewa usiku.